Kuingia Mombasa: Msimu, Mwenyeji na Bandari Mbili

Mombasa ni kisiwa kidogo kilichobanwa na bara na kuzungukwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki, karibu na kuta za Ngome ya Yesu, ipo Bandari ya Kale. Upande wa magharibi ipo Kilindini, yenye kina cha kutosha meli kubwa. Kwa karne nyingi mgeni aliingia mjini kwa upande wa kwanza, akiwa ndani ya jahazi. Katika karne ya 20 aliingia kwa upande wa pili, akiwa ndani ya meli ya moshi. Leo mgeni wa kawaida hutokea bara, na huenda akamaliza siku zake zote asiione bandari yoyote kati ya hizo mbili. Kila mara mlango wa mji ulipohama, maandalizi ya safari ya kwanza yalihama nao: wakati wa kuondoka, mahali pa kulala, na hasa mtu wa kumpokea mgeni.

Katika enzi ya tanga msafiri hakujichagulia wakati. Kaskazi huanza kuvuma Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi, na ndiyo iliyosukuma vyombo kutoka Ghuba, Oman, Hadhramaut, Kutch na Gujarat. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili na kuvirudisha vilikotoka. Juni na Julai kusi huwa kali mno, bahari ikachafuka, na manahodha wa safari ndefu hawakuthubutu kutweka. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Sur, Oman, au wa Mandvi, Kutch, aliyetaka kuiona Mombasa kwa mara ya kwanza alijua miezi mingi kabla kwamba angefika kati ya Desemba na Machi, kisha angeondoka ama Aprili, kusi ikiwa bado changa, ama Agosti na Septemba, wakati wa demani, nguvu zake zikiwa zimepungua. Ambaye madeni yake hayajakusanywa mwezi Mei ulipokwisha alikuwa amejiongezea miezi mitatu mjini, apende asipende.

Mahali ilipo Mombasa palikuwa na faida kubwa katika hesabu hiyo. Chombo kilichotoka Arabia mapema kiliweza kufika, kuuza, kununua na kurudi katika mwaka mmoja bila wasiwasi. Kadiri nahodha alivyoteremka kusini, ndivyo nafasi hiyo ilivyopungua. Aliyevuka Kilwa kuelekea Sofala alihatarisha kukosa upepo wa kurudi na kukaa ugenini hadi mwaka wa pili. Ndiyo sababu miji ya kaskazini na ya kati ya Pwani ilijaa wageni wa msimu, watu waliokaa miezi michache, wakaondoka, na wengine wakarudi mwaka uliofuata kwenye nyumba ile ile.

Neno nyumba hapa lichukuliwe kwa uzito. Mji wa Waswahili wa zamani haukuwa na hoteli, na mfanyabiashara mgeni hakuwa na desturi ya kupanga chumba na kutandika bidhaa zake sokoni. Alihitaji mwenyeji. Maelezo yaliyo wazi zaidi ya utaratibu huo yameachwa na Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita Pwani mwaka 1331, naye aliuona Mogadishu. Jahazi lilipokaribia, vijana walitoka pwani kwa vyombo vidogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia mali yake na kumnunulia aliyoyataka. Aliyekwisha kuja mara nyingi na kujuana na watu ndiye tu aliyeruhusiwa kushukia atakapo. Mtu aliyenunua kwa mgeni bila mwenyeji kuwapo, au kwa bei ya kumpunja, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni na si mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi.

Kutoka huko alishuka hadi Mombasa na kulala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuona mambo ambayo mgeni wa mara ya kwanza hana budi kuyajua. Aliandika kwamba nafaka ya mji ililetwa kutoka bara, kwamba watu walikula ndizi na samaki, na kwamba palikuwa na malimau na matunda mengine. Misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Penye milango yake palikuwa na visima, na kila aliyetaka kuingia aliteka maji kwa chombo chenye mpini, akaosha miguu na kuikausha kwenye mkeka mnene, kwani watu walitembea peku. Ni maelezo mafupi, lakini ni ya mtu aliyekuwa akitazama namna ya kuishi na watu, na yana manufaa kuliko kurasa nyingi za sifa zilizoandikwa baadaye.

Ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake. Mwenyeji alipata faida katika mauzo, alipata habari za bei za ng'ambo kabla ya majirani zake, na mara nyingine alipata mkwe. Mgeni aliyerudi misimu kadhaa aliweza kuoa katika ukoo uliompokea, na watoto wakakua wakiwa na jamaa pande mbili za bahari. Usanifu wa nyumba za mawe unaonyesha jinsi jambo hili lilivyochukuliwa kwa makini. Mbele ya nyumba palikuwa na daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe ambamo mwenye nyumba aliweza kuzungumza na wapitao bila kuwafungulia faragha ya ndani. Huko Lamu na Pate baadhi ya nyumba zilikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya familia, ili mtu wa mbali aweze kukaa miezi chini ya paa moja na wenyeji bila kuvunja stara ya nyumba.

Wageni wa Mombasa hawakutoka baharini peke yake. Wamijikenda walivuka kutoka bara wakileta nafaka, pembe za ndovu na mazao mengine, nao pia walikuwa na wenyeji wao maalumu. Waswahili wa Mombasa walijipanga katika mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika mafungu mawili: Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Tangana na Changamwe, na Tisa Taifa, ambamo Mvita na Jomvu ni miongoni. Kila fungu lilikuwa na ushirika na makundi fulani ya bara. Wadigo na Waduruma waliegemea Thelatha Taifa, Wagiriama na Warabai waliegemea Tisa Taifa. Aliyeingia mjini alijua abishe hodi wapi, na mwenyeji alijua kwamba kumtunza mgeni na kumpa zawadi ya nguo ni sehemu ya mapatano yaliyoulinda mji wakati wa njaa na vita. Mfumo huu haujapewa nafasi inayostahili katika vitabu, ambavyo hupenda zaidi kutazama bahari.

Kisa cha Vasco da Gama kinaonyesha yaliyomfika mgeni asiye na mwenyeji. Meli zake zilitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, zikitokea Msumbiji ambako palikwisha kuzuka ugomvi, na habari za ugomvi zilikwisha kutangulia. Mfalme wa Mombasa alipeleka kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wareno nao walishusha watu wawili tu kuutazama mji. Wakazungushwa na kuonyeshwa vielelezo vya karafuu, pilipili, tangawizi na mtama kama bidhaa ambazo wangeweza kupakia. Kwa sura ya nje yote yalikuwa yale yale aliyofanyiwa mfanyabiashara yeyote. Lakini hapakuwa na ukoo uliomfahamu Mreno, wala mtu wa kumdhamini, na pande zote mbili zilishikana shaka. Meli ziliondoka tarehe 13 zikaelekea Malindi, ambako mfalme, mshindani wa Mombasa, alikuwa na sababu zake za kumpokea adui wa jirani yake. Malindi ndiko Da Gama alikopata rubani wa kumvusha hadi Calicut.

Yaliyofuata yalikuwa ya moto na upanga. Wareno waliushambulia na kuuteketeza mji mwaka 1505, tena mwaka 1528, na mwaka 1589 walirudi wakati Wazimba, wapiganaji waliotokea kusini, walipokuwa wamefika ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Kuanzia hapo kila chombo kilichoingia Bandari ya Kale kilipita mbele ya mizinga, na forodha ikawa jambo la kwanza katika hesabu za nahodha. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698.

Katika karne ya 19, Seyyid Said, Sultani wa Oman, alipoutia mji chini ya utawala wake kutoka Unguja, mwenyeji alianza kuchukuliwa nafasi na karatasi. Mzungu aliyetaka kuingia Mombasa alipita kwanza Unguja, akaonana na balozi wa nchi yake, kisha akaomba barua ya Sultani kwa maliwali wa Pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifanya hivyo mwaka 1844, akapata barua na kupokewa vizuri mjini. Barua haikuweza kumkinga na homa: miezi michache baada ya kufika alimzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga upande wa bara. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wote wawili wakahamia Rabai. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipowasili Januari 1857, nao wakiwa na barua zao, hawakupata mapokezi ya kuwaridhisha, na Burton aliandika juu ya watu wa Mombasa kwa chuki. Barua ilimfungulia mtu forodha, haikumfungulia baraza. Krapf alijifunza Kiswahili akiwa amekaa na watu, na tofauti hiyo inaonekana katika kila ukurasa wa wawili hao.

Meli ya moshi ndiyo iliyovunja utawala wa kaskazi na kusi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza safari za barua kati ya Aden na Unguja. Wajerumani wakaleta meli zao mwaka 1890. Sasa mtu aliweza kukaa Bombay, Hamburg au London akasoma ratiba iliyochapishwa na kujua wiki atakayofika. Meli hizo zilikuwa kubwa mno kwa Bandari ya Kale, na polepole shughuli zikahamia Kilindini. Gati za maji ya kina hazikujengwa huko hadi miaka ya 1920. Kabla ya hapo abiria walishushwa kwa mashua, mizigo yao ikifuata. Kutoka ufukweni hadi mjini walipanda matoroli yaliyokwenda juu ya reli nyembamba, yenye viti na paa la turubai, yakisukumwa na vijana waliokimbia nyuma. Picha za toroli za Mombasa zimebaki nyingi, na karibu zote zinaonyesha abiria Wazungu waliokaa wima wakijaribu kutoonekana kuwa wanafurahi.

Reli kubwa iliugeuza mji zaidi. Ujenzi wa njia ya Uganda ulianza mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Hapo Mombasa iliacha kuwa mwisho wa safari ikawa mlango wa kupitia. Winston Churchill alishuka mwishoni mwa Oktoba 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, akausifu mji ulivyoonekana kutoka baharini, na muda si muda alikuwa ndani ya gari moshi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliteremka Aprili 1909 katikati ya mvua ya masika, akalala usiku mmoja, na kesho yake alipanda treni; sehemu ya safari aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha garimoshi ili awatazame wanyama. Ibn Battuta naye alilala usiku mmoja, lakini Mombasa aliyoiacha kwenye maandishi ni mji wa watu. Kwa wawindaji wa karne ya 20 ni ukumbi wa kungojea.

Vitabu vya mwongozo vilishika mkondo huo huo. Kampuni ya Union-Castle ilichapisha kila mwaka mwongozo wa Afrika ya Kusini na Mashariki ambao jalada lake lilitaja wasomaji waliokusudiwa: watalii, wawindaji, wagonjwa wanaotafuta hewa nzuri, na walowezi. Msomaji wa aina hiyo alijiandaa kwa kwinini, chandarua, kofia ngumu ya jua na barua kwa meneja wa benki. Hoteli na klabu zilimpokea kwa rangi yake na pesa yake. Ubaguzi huo ulidumu katika hoteli za mji kwa miongo mingi, na kwa sababu hiyo historia ya hoteli za Mombasa haiwezi kuchukuliwa kuwa historia ya wageni wa Mombasa. Wengi wao hawakukanyaga huko.

Wahindi waliopanda meli Bombay au Porbandar, wengi wao wakisafiri sitahani na masanduku yao, walikuja wakiwa na jina la mjomba, la mtu wa kijiji chao, au la tajiri kama Allidina Visram, aliyekuwa na maduka tangu Pwani hadi Uganda na aliyeajiri vijana wengi kutoka kwao Kutch. Jumuiya za kidini ziliweka musafirkhana, nyumba ambamo mgeni wa madhehebu hayo alipata pa kulala hadi jamaa au kazi ipatikane. Washihiri wa Hadhramaut waliendelea kuja kwa majahazi hata meli za moshi zilipojaa bahari. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri nao katika msimu wa 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, na kitabu alichokitoa mwaka 1940 kinaeleza jinsi sitaha ilivyosongamana watu maskini waliokuwa wakienda Afrika kwa tegemeo la ndugu waliotangulia. Utaratibu wa mwenyeji haukuwa umekufa; ulikuwa umehamia kwa watu ambao kampuni za meli hazikuwaandikia vitabu.

Ulihamia pia mitaa ya Majengo. Reli na bandari zilihitaji watu wa kazi, na wakaja kutoka Ukambani, Nyanza, Taita na kwingineko, wengine kwa mkataba, wengi kama vibarua wa kutwa. Kijana aliyetoka bara alikuwa na kipande shingoni, hati ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba tangu muda mfupi baada ya Vita vya Kwanza, lakini kilichomwezesha kulala usiku wa kwanza ni jina la mtu wa kwao. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, ilifaa sana kwa kupangisha. Mara nyingi mwenye nyumba hakumiliki ardhi iliyo chini yake, alilipa kodi ya kiwanja kwa mwingine, hali iliyoenea mno Mombasa. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, ambao walijipatia riziki na heshima kwa vyumba hivyo. Chumba kimoja kiliweza kuwapokea wageni watano kwa zamu, yule wa usiku akiamka yule wa mchana akaingia. Msongamano huo na mishahara midogo vilichangia migomo mikubwa ya mwaka 1939 na Januari 1947.

Utalii wa ufukweni ulikuja kwa madaraja. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, likaufungua upande wa kaskazini. Baada ya Vita vya Pili hoteli zilianza kuota mchangani huko, na baadaye kusini, Diani, kwa wale waliovumilia foleni ya feri ya Likoni. Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela tangu mwaka 1895, iliondolewa wafungwa mwaka 1958, ikakarabatiwa kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno chini ya usimamizi wa mwanaakiolojia James Kirkman, na kugeuzwa jumba la makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hoteli zilipokuwa zikiongezeka, majahazi ya ng'ambo yalipungua mwaka hadi mwaka katika Bandari ya Kale. Mafuta ya Ghuba yaliwapa mabaharia kazi nyingine, na biashara ya boriti na tende haikulipa tena.

Ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza zilianza kuleta wageni kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, na uwanja wa Port Reitz ukapanuliwa kuwa wa kimataifa. Mgeni alilipia tiketi, kitanda na chakula kabla ya kutoka nyumbani, akapokewa na basi la hoteli, na kupelekwa mchangani bila kupita Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Kalenda yake, hata hivyo, ilikuwa ya manahodha. Hoteli za Pwani hujaa Desemba hadi Machi, kwa kuwa kaskazi huleta jua, bahari tulivu na maji maangavu kwa wapiga mbizi. Masika ya Aprili na Mei inapoanza, na kusi ikitupa mwani ufukweni, nyingine hufunga milango kwa matengenezo. Wenye hoteli huuita msimu huu wa kusi mbaya, lakini kwa anayetaka kuuona mji na si mchanga, huenda ukawa msimu bora: bei hushuka, na jua la Julai halichomi kama la Februari.

Mlango wa karibuni zaidi ulifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, treni ya abiria ya reli mpya ilipozinduliwa. Safari ya kutoka Nairobi, iliyochukua usiku mzima kwa reli ya zamani, sasa huchukua saa tano hivi. Tiketi hukatwa kwa simu, jina la abiria hulinganishwa na kitambulisho chake, na mizigo hunuswa na mbwa kabla ya kuingizwa kituoni. Kituo chenyewe kiko Miritini, bara, nje kabisa ya kisiwa. Wanaoshuka huko wengi ni Wakenya: wanafunzi, familia za likizo, watu wa harusi na wa matanga. Hupanda matatu au teksi kupitia Changamwe na Makupa kuingia mjini, na wengi wao huwa wamekwisha kupiga simu kwa shangazi au rafiki wa Tudor, Kisauni au Likoni atakayewalaza.